Tundu la tatu la soketi zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Najua barua za wasomaji huwa fupi na hii si fupi. Ukilazimika kukata, kata habari za mke wangu, yeye hatakasirika. Sehemu ya nondo iache kama ilivyo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, mkazi wa Mikanjuni, Tanga. Nimefundisha sekondari miaka 31. Mwaka jana binti yangu mkubwa alininunulia laptopu pale Kariakoo, ya mtumba lakini safi, bodi lake lote aluminiamu, nyembamba kama sinia. Akaniambia, "Baba, sasa iandike ile habari ya ukoo, tumechoka kusikia kuwa iko kwenye madaftari." Nikaanza. Huwa naandika usiku baada ya isha, maana mchana nyumba ina wajukuu, na joto la Tanga wakati wa kaskazi mwalijua.

Kama wiki ya pili hivi nikaanza kuhisi kitu mikononi, pale viganja vinapolala chini ya herufi. Hayakuwa maumivu. Ukilipapasa lile bati taratibu kwa mgongo wa kidole, unasikia linakwaruza kama ulimi wa paka. Ukilikandamiza kwa nguvu, hisia inapotea. Vinyweleo vya mkono vinasisimka. Usiku mwingine kidogo tu, usiku mwingine hadi natoa mkono.

Nina miaka 64. Mtu wa umri wangu akisikia ganzi vidoleni hafikirii umeme, anafikiria sukari. Nikaenda kupima. Sukari sawa, presha imepanda kidogo, nikaambiwa nipunguze chumvi. Jirani mmoja, aliposikia kuwa laptopu ni ya mtumba, akashauri isomewe, kwa vile hatujui mwenyewe wa kwanza alikufaje. Sisi watu wa Tanga tuna sifa zetu, sitaki kuziongezea.

Aliyegundua ni mke wangu. Usiku mmoja aliniletea chai, akaniwekea mkono shingoni, akautoa kama aliyegusa sufuria. Akaurudisha, safari hii ncha za vidole tu, akavipitisha polepole.

"Baba Zuhura, mbona shingo yako inanguruma?"

Nikainua mikono kutoka kwenye laptopu. "Na sasa?"

"Imenyamaza."

Nikairudisha. "Na sasa?"

"Inanguruma."

Miaka 31 nimefanya majaribio ya umeme mbele ya wanafunzi, mengine yakagoma mbele ya mkaguzi, na jaribio lililofana kuliko yote limekuja kufanyika kwenye shingo yangu mwenyewe. Nikachomoa chaja. Shingo ikanyamaza moja kwa moja.

Asubuhi nikatoa multimita yangu ya zamani, kile kipimo cha umeme. Nilihitaji ardhi ya kweli ya kulinganishia, basi nikakita bisibisi ndefu kwenye shina la mgomba nje ya dirisha, mahali tunapomwaga maji ya vyombo, udongo wake haukauki. Nikavuta waya kutoka kwenye bisibisi hadi mezani. Mdomo mmoja wa multimita kwenye waya ule, mwingine kwenye bati la laptopu: volti 97.

Hapa naomba msomaji asikimbie, maana ndipo watu wengi wanapodanganyana. Volti 97 kwenye bati ni namba ya kutisha, lakini kinachomdhuru mtu ni kiasi cha mkondo unaompitia, na volti peke yake haikwambii hicho. Nikachukua rezista, kile kipande kidogo cha kuzuia mkondo, ya omu 10,000, nikaiunganisha kati ya bati na waya wa ardhi, nikapima tena juu yake. Zile volti 97 zikaporomoka hadi 1.3. Gawanya kwa 10,000: ni ampea 0.00013, yaani miliampea 0.13. Kidole chepesi kinaweza kuihisi, basi. Inatoka ndani ya chaja yenyewe. Humo mna kapasita ndogo, imewekwa makusudi na waliotengeneza ili kuzuia chaja isitie makelele kwenye redio na vifaa vingine, na kapasita hiyo hupitisha tone la umeme upande wa pili. Kanuni za kimataifa za vifaa hivi huruhusu hadi miliampea 0.25 kwa kifaa kisichounganishwa na ethi, yaani waya wa kushusha umeme ardhini. Laptopu za plastiki nazo zinalo tone hilo, ila plastiki haisemi.

Kwa hiyo laptopu haikuwa mbovu. Ningeishia hapo, ningekuwa nimekuandikia barua ya nusu ukurasa kuwatuliza wenye laptopu za bati.

Lakini chaja yangu ni ya plagi ya miguu mitatu. Ule mguu mkubwa wa katikati, kwenye chaja za aina hii, kwa kawaida umeungana na bati la laptopu kupitia waya wake. Maana yake, kama tundu la tatu la soketi yangu lingekuwa limefika ardhini, tone lile lingekwenda zake ardhini na multimita ingesoma karibu na sifuri. Ilisoma 97. Na kulikuwa na jambo la pili: kwa nini usiku mwingine hisia ni kali zaidi?

Jibu lilikuwa jikoni. Mke wangu huchomoa friji usiku ili yuniti za LUKU zisikimbie. Siku akiwa na barafu za watoto anaiacha. Nikamwomba aichomeke, nikarudi mezani kupima. Volti 214. Nikaweka rezista: volti 21. Yaani miliampea 2.1, mara kumi na sita ya ile ya mwanzo, na ilikuwa inatoka kwenye friji, inapita kwenye waya wa ethi uliomo ukutani, inatokea kwenye laptopu yangu mezani.

Nilikaa chini. Miezi kama mitatu kabla ya hapo mjukuu wangu wa miaka sita alinijia akisema, "Babu, friji inaning'ata." Alikuwa ametoka kuoga, miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji. Mimi, mwalimu wa fizikia, nilimjibu kwa jibu ambalo nadhani kila nyumba ya mji huu inalo: "Vaa ndala."

Labda nieleze kazi ya tundu la tatu kwa namna nilivyopaswa kuieleza darasani. Plagi tunazotumia tulizirithi kwa Waingereza, kiwango chao kilitoka mwaka 1947. Mguu wa juu wameufanya mrefu kuliko miwili ya chini kwa makusudi mawili. La kwanza, unaingia mbele ya mingine na kutoka wa mwisho, ili kifaa kiwe kimeshashikana na ardhi kabla umeme haujakifikia. La pili, ndio unaofungua vile vifuniko vidogo vya ndani vinavyoziba matundu ya chini, mtoto asiingize msumari. Ndani ya nyumba, waya wa kijani, siku hizi kijani na njano, unatoka kwenye kila tundu la tatu, unakusanyika kwenye meni swichi, na kutoka hapo waya mmoja unashuka nje hadi kwenye fimbo iliyozama ardhini. Friji ikivujisha umeme kwenye bati lake, umeme ule unapata njia ya kushuka badala ya kukusubiri wewe.

Na sisi tunalitumiaje tundu hili? Tunalichokonoa kwa kifuniko cha kalamu. Ingia nyumba yoyote, chaja ya simu ni ya miguu miwili ya duara, haiingii mpaka vifuniko vifunguke, basi watu wanachukua Bic, wanaisukuma tundu la juu, huku wanapachika chaja chini. Kwangu kalamu ile ilikuwa inakaa juu ya soketi ya sebuleni kama sehemu ya soketi. Wapo wanaovunja kabisa mguu wa tatu wa plagi ili iingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili.

Waya niliufuata mwenyewe. Nilizima meni swichi, nikafungua soketi ya chumbani. Nilitarajia kukuta hakuna waya wa kijani. Ulikuwepo, umekazwa vizuri, skrubu yake inang'aa. Soketi ya jikoni pia. Kwenye meni swichi nyaya zote za kijani zimekusanywa pamoja, na mmoja mnene unatoka ukutani, unashuka nyuma ya bafu, unaingia kwenye zege dogo. Kila kinachoonekana kwa macho kilikuwa sawa. Nikachukua sululu.

Chini ya lile zege, kiasi cha kiganja kimoja, nilikuta kipande cha nondo. Nondo ya kawaida ya ujenzi, ya milimita 12, iliyobaki bila shaka siku ile tulipomwaga linta. Waya haukufungwa kwa kibano, ulikuwa umezungushwa tu mara tatu kama kamba ya mbuzi. Nilipogusa, mizunguko yote mitatu ikabaki mkononi mwangu: shaba imegeuka kijani, imekatika, na nondo imeota magamba ya kutu. Niliing'oa kwa mkono mmoja. Sikuhitaji kuivuta kwa nguvu. Nikaipima kwa rula: sentimita 46.

Basi nyumba yangu ilikuwa na ethi kila mahali isipokuwa ardhini. Na hili, Mhariri, ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana hata mimi sikuwa nimelifikiria kwa makini: waya wa ethi usiofika ardhini ni mbaya kuliko kutokuwa nao. Umeunganisha bati la friji, bati la pasi, bati la jiko la umeme na bati la laptopu kuwa kitu kimoja. Ubovu wa kimoja unakuwa wa vyote. Siku insulesheni ya friji ile ingekatika kabisa, volti 230 zingenisubiri kwenye laptopu, kwenye pasi, kwenye kila chenye mguu wa tatu, na fyuzi isingestuka, maana kwa fyuzi hakuna kilichotokea.

Nyumba hii niliijenga mwaka 1998. Nina tabia ya kutotupa karatasi, nikalitafuta bati la biskuti lenye makaratasi ya nyumba. Fomu ya kuombea umeme imo, nakala ya kaboni. Imegongwa muhuri wa mkandarasi ambaye sijawahi kumwona kwa macho. Aliyefunga nyaya alikuwa fundi wa mtaa, akaniambia, "Muhuri niachie mimi, Mwalimu," nikamwongezea hela ya muhuri. Fomu ina kisanduku cha kipimo cha ethi. Ndani yake mtu ameandika kwa wino wa bluu: 2. Omu mbili, yaani ardhi inaupokea umeme karibu bila kizuizi! Nondo ya sentimita 46 katika ardhi hii ya Tanga ambayo ukichimba kidogo unagonga jiwe la matumbawe. Mwanafunzi angeniandikia jibu hilo ningemwita ofisini aniambie alinakili kwa nani.

Simlaumu fundi peke yake. Nilikuwepo. Nilikuwa na shahada, nilikuwa na shajara ya matumizi ya kila mfuko wa saruji, na sikuuliza ule waya wa kijani unaishia wapi. Kila mwaka kwa miaka 31 nimewapa kidato cha tatu swali la kuunganisha plagi. Wote wanapata. Waya wa kijani na njano unakwenda mguu mkubwa, alama moja, haya, swali linalofuata. Sikumbuki mwanafunzi hata mmoja aliyenyoosha mkono akauliza: na upande wa pili wa ukuta je? Wala sikumbuki mimi kuuliza.

Nikaita fundi. Kijana mwenyewe alikuwa mwanafunzi wangu, aliniamkia shikamoo mbili kabla ya kufungua begi. Akatazama, akapima kwa testa yake, akasema, "Mwalimu, hili dogo. Tunatia jampa. Ethi tunaifunga na nyutro hapa hapa ndani ya soketi, dakika tano."

Nyutro ni ule waya unaorudisha umeme kwenye nguzo. Nikamwuliza, "Halafu nyutro ikikatika huko nje, kwenye nguzo?"

Akanyamaza. Nilimwona anachora saketi kichwani, macho yake yako kwenye dari, vilevile kama alivyokuwa akifanya dawati la tatu upande wa dirishani. Kisha akasema taratibu, "Friji yote inakuwa moto."

"Na laptopu."

"Na laptopu. Lakini Mwalimu, wengi tunawafungia hivyo. Testa inasoma poa, mteja anaridhika."

Naandika hili bila kumwaibisha, maana kwa kweli alilijua jibu alipopewa nafasi ya kulifikiri. Ila msomaji alijue: jampa ya ethi na nyutro ndani ya soketi huipendeza multimita na hata vile vitaa vya kupimia soketi. Hisia kwenye laptopu itaisha, nawe utalala usingizi. Siku nyutro ya nyumba ikiachia, kama kwa kiunganishi kilicholegea au mti kuangukia waya, kila bati ndani linapata volti 230 kupitia kifaa chochote kilichowashwa, hata balbu. Wengine humimina chumvi na mkaa kwenye shimo la ethi. Hilo linasaidia kwa muda, kipimo kinashuka siku ya kukabidhi, halafu masika moja au mbili zinaisafisha chumvi, nayo kabla ya kuondoka imeshaanza kuila fimbo.

Mwishowe nilimpata mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, naye alikuja na kitu ambacho katika maisha yangu yote ya kufundisha umeme sikuwa nimekigusa: kipimo cha ethi chenyewe, kisanduku na vijiti viwili vya kukita mbali na nyumba, na nyaya ndefu zilizopita uwanja wa jirani huku kuku wakizirukia. Fimbo ya kwanza, ya chuma kilichovikwa shaba, mita moja na nusu, ilikataa mahali pa zamani; tuligonga jiwe mara mbili. Tukahamia kwenye mgomba wangu wa maji ya vyombo. Iliingia yote. Akafunga waya kwa kibano cha shaba, akapima: omu 58. Akakita ya pili mita tatu kutoka hapo, akaziunganisha: 31.

Nikamwambia hizo si mbili. Akacheka, akasema kwa ardhi hii mtu akikuandikia mbili, mwombe akuonyeshe.

Sasa hesabu, nayo ni fupi. Friji ikiachia umeme wote kwenye bati, volti 230 zikigawanywa kwa omu 31 ni kama ampea 7. Fyuzi ya soketi zangu ni ya ampea 30. Haitakatika. Itavumilia ampea 7 hadi asubuhi, bati likiwa na moto. Kwa hiyo fimbo peke yake, katika ardhi kama yetu, haitoshi, na hapa wengi waliofunga ethi nzuri bado wamelala vibaya. Kinachotakiwa pamoja nayo ni ile swichi ambayo mafundi huiita RCD, ile yenye kitufe kidogo cha herufi T. Yenyewe inalinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Ukipungua kwa miliampea 30 inajua kuna unaopotea pembeni, inakata nyumba nzima kwa sehemu ndogo ya sekunde. Miliampea 30 kwenye omu 31 ni chini ya volti moja. Bati halipati hata nafasi ya kuuma.

Kwa nini 30? Miaka ya 1940 mhandisi mmoja wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Charles Dalziel, aliwapima watu waliojitolea, akitaka kujua ni mkondo kiasi gani mtu akishika waya anashindwa kuuachia. Wastani ukawa miliampea 16 kwa wanaume na 10.5 kwa wanawake. Zaidi ya hapo misuli inakukabidhi kwa waya. Ukizidi na kupitia kifuani kwa muda, moyo unapoteza mpigo; swichi ya 30 hukata kabla muda huo haujafika. Miaka ya 1960 huyo huyo Dalziel akaja na swichi ya aina hii kwa matumizi ya Marekani. Linganisha na namba zangu: laptopu 0.13, friji 2.1 na ilikuwa inaendelea kuchakaa. Mjukuu wangu ana kilo kumi na tisa.

Mkandarasi alipoifunga RCD akawasha meni, halafu akaniambia nichomeke friji. Nilichomeka. Nyumba ikazima, tak. Mke wangu akapiga kelele kutoka chumbani kuwa LUKU imeisha. Haikuwa imeisha. Friji ilikuwa imeshitakiwa kwa mara ya kwanza katika maisha yake mbele ya hakimu, na ikahukumiwa papo hapo. Tulikuta waya wa taa ya ndani umesuguliwa na bawaba ya mlango hadi ngozi yake imetoka, basi uvujaji ulikuwa umeshaipita mbali ile miliampea 2.1 niliyoipima. Ukafungwa tepu, ukahamishwa njia. Gharama zote, fimbo mbili, vibano, waya, swichi na ufundi, zilifika shilingi 190,000. Nimewahi kununua kochi kwa zaidi ya hizo.

Kwa wapangaji, ambao najua hawawezi kuchimba nyuma ya nyumba ya mtu: andikeni kwa betri na chaja ichomolewe, hilo linamaliza hisia. Msivunje mguu wa tatu. Na RCD inafaa hata nyumba isiyo na ethi, tofauti ni kwamba huko inangoja umeme umpitie mtu ndipo ikate. Zipo hata za kuchomeka kwenye soketi moja. Kitufe cha T kibonyezwe kila baada ya miezi mitatu. Kisipokata, swichi hiyo ni pambo.

Pale njia panda karibu na kwetu kuna mama anauza maji ya kandoro na barafu. Mkono wa friji yake umeviringwa kipande cha kanga, na chini ameweka ubao. Miaka mingi nimeliona hilo nikadhani ni usafi. Wiki iliyopita nilimwuliza. "Inapiga, Mwalimu," akaniambia, akicheka, "lakini mimi nimeshaizoea. Wateja ndio siwaachi waifungue." Nilimpimia. Sitaandika namba niliyoiona. Friji aliichomoa mwenyewe nilipomweleza, na siku hiyo barafu zote tulizihamishia kwangu.

Ninachoomba kwa wahusika ni kitu kimoja, nacho ni kidogo kuliko semina: kabla umeme haujawashwa kwenye nyumba, mtu aje na kile kisanduku chenye vijiti viwili, apime ethi mbele ya mwenye nyumba, namba iandikwe hapo hapo. Ni kazi ya dakika ishirini, nimeihesabu. Fomu zinazoingia ofisini na namba zimeshajazwa nyumbani kwa mtu zirudishwe.

Fomu yangu ya mwaka 1998 bado ninayo kwenye bati la biskuti, na muhuri wake unasomeka vizuri. Nondo nayo nimeiosha, nimeiweka chini ya kochi. Mwenye muhuri akitaka kuja na kipimo chake tuirudishe ardhini, tuone kama itasoma mbili, nyumba yangu ni ya pili kutoka kwenye mwembe. Nipo kila siku baada ya saa kumi.

Mwalimu mstaafu,
Mikanjuni, Tanga.